Shemeji anataka silaha za marehemu, tukutane wapi?

Mpendwa Mshauri,

Mume wangu alifariki mwaka jana. Tunaishi Cincinnati, Ohio. Ameniachia watoto watatu, na kwenye chumba cha chini ameacha kabati la chuma lenye bastola ya milimita 9 na shotigani ya kupampu, geji 12, aliyokuwa akiendea kuwinda kulungu. Mimi silaha sizijui. Ufunguo wa kabati ninao, lakini nililifungua mara moja tu nikatafuta hati za gari, nikalifunga haraka.

Yupo rafiki wa marehemu ambaye nyumbani kwetu tunamwita shemeji, ingawa si ndugu wa damu. Anaishi Covington, ng'ambo ya mto, upande wa Kentucky. Ndiye aliyesimamia msiba wetu. Alizunguka kuchangisha, alilala sebuleni kwetu usiku wa matanga, na mpaka leo wanangu wakikwama na gari humpigia yeye. Ameniomba nimuuzie silaha zote mbili kwa dola 600. Bei sina ugomvi nayo.

Ugomvi uko kwenye mahali pa kukutana. Kwanza alisema atakuja nyumbani jioni akitoka kazini. Binti yangu mkubwa akakataa, hataki kuziona zikitolewa mbele yake, na mimi mwenyewe sipendi jirani aone mtu akitoka kwangu na bunduki. Nikamwambia shemeji. Akasema basi tukutane kwenye maegesho ya supamaketi iliyo karibu na daraja, tena upande wangu wa Ohio ili nisisumbuke: "Tunafungua buti, nahamisha, nakupa bahasha, dakika tano tumemaliza." Kaka yangu aliyeko Columbus akanionya nisithubutu, nikafanye biashara hiyo ndani ya duka la bunduki. Nilipomgusia shemeji habari ya duka alinyamaza kwenye simu, kisha akasema, "Shemeji, leo umefika mahali pa kunipekua kama mwizi?" Tangu siku hiyo simu zake zimekuwa fupi.

Kuna na kijana wa kwaya, anakaa hapa hapa Cincinnati, anayeitaka shotigani peke yake. Yeye anapendekeza Jumapili baada ya ibada, kwenye maegesho ya kanisa, kwa kuwa watu wapo wengi na hakuna wa kumdhulumu mwenzake. Kanisa letu linatazamana na shule ya msingi.

Na lipo jambo linalonikaba zaidi. Sijui makaratasi ya shemeji yakoje. Nakumbuka alikuja na viza ya masomo, baada ya hapo sikufuatilia. Kwetu kumuuliza mtu mzima makaratasi yake ni kumvua nguo.

Naomba unisaidie. Mahali pa kukutana huchagua nani, muuzaji au mnunuzi? Na nitamwambiaje shemeji bila kuuvunja undugu uliotubeba wakati wa msiba?

Mjane, Cincinnati

JIBU

Dada yangu, pole kwa msiba, na pole pia kwa mzigo huu uliokuja baada yake. Umeuliza swali la mahali, lakini ukiisoma barua yako taratibu utaona mambo matatu yamefungwa pamoja: deni la wema ambalo shemeji hajawahi kukudai, hofu yako ya vyuma vilivyo chumba cha chini, na sheria ambayo inaelekea hakuna aliyekueleza yote. Nitaanza na hiyo sheria, kwa sababu huenda ikakupunguzia uzito kwenye yale mawili mengine.

Umelichukulia pendekezo la duka kama swali la kumwamini au kutomwamini shemeji, na yeye amelisikia hivyo hivyo. Lakini kati yenu kuna mto, na mto huo ni mpaka wa jimbo. Sheria ya silaha ya Marekani ya mwaka 1968 inamkataza mtu asiye na leseni ya biashara ya silaha kumuuzia au hata kumpa silaha mkazi wa jimbo jingine moja kwa moja. Bastola lazima ipitie kwa muuzaji mwenye leseni katika jimbo anakoishi mnunuzi, yaani Kentucky. Shotigani ina nafasi zaidi kidogo: mkazi wa Kentucky anaweza kuipokea kwa muuzaji mwenye leseni hata Ohio, mradi awepo mwenyewe na sheria za majimbo yote mawili ziruhusu. Kinachoangaliwa ni makazi ya mtu. Gari likiegeshwa upande wako wa daraja halimgeuzi shemeji kuwa mkazi wa Ohio. Zile dakika tano za kuhamisha kutoka buti hadi buti, kwa nia njema kabisa, zingewaweka nyote wawili kwenye kosa la shirikisho.

Kwa hiyo jiulize, dada: je, shemeji analijua hili? Huenda halijui. Watu wengi wamesikia kwamba Ohio haimlazimishi mtu binafsi kupita dukani, na ni kweli, lakini hiyo ni kwa wakazi wawili wa Ohio. Majimbo mengine kama California, Colorado, New York na Washington yanataka hata majirani wapite kwa muuzaji mwenye leseni, kwa hiyo msomaji mwingine asiichukue barua hii kama ruhusa ya kwake. Aliyesema "unanipekua" anaweza kuwa anajibu tuhuma ambayo wewe hukuitoa. Kuna tofauti kubwa kati ya kumwambia "nataka tupite dukani" na kumwambia "kwa kuwa wewe uko Kentucky, bastola haiwezi kutoka kwangu kuja kwako ila kwa kupitia duka la huko kwenu." La kwanza linaonekana limetoka moyoni mwako. La pili limetoka kwenye sheria ambayo ingemhusu hata ndugu yako wa tumbo moja.

Sasa hilo la makaratasi, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Mwenye viza ya muda, kama ile ya masomo, kwa kawaida haruhusiwi kumiliki silaha wala risasi Marekani, ingawa kuna vighairi vichache, kwa mfano kuwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Mwenye grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, anaruhusiwa kama raia, isipokuwa awe na kizuizi kingine. Nawe sheria inakugusa: huruhusiwi kumuuzia mtu ambaye unajua, au una sababu ya msingi ya kuamini, kwamba amekatazwa. Kumbukumbu yako ya viza ya masomo peke yake haithibitishi kitu, kwa sababu watu hubadilisha hadhi zao. Lakini si vizuri pia kuisukuma chini ya zulia.

Hapo ndipo kaunta ya duka inaposaidia kwa namna ambayo pengine hujaifikiria. Mnunuzi anajaza Fomu 4473 kwa mkono wake, na fomu hiyo inauliza uraia, viza, kesi za jinai, dawa za kulevya, amri za mahakama za ugomvi wa nyumbani, na pia kama yeye ndiye mnunuzi halisi au anamnunulia mwingine. Mwenye duka anaangalia kitambulisho, kisha anapeleka majina kwenye mfumo wa uchunguzi unaoendeshwa na FBI tangu Novemba 1998. Mtu binafsi kama wewe huwezi kuupigia mfumo huo hata ukitaka. Wenye leseni tu ndio wanaoruhusiwa. Wewe hulazimiki kumuuliza shemeji neno hata moja, wala kuyaona majibu yake. Anayaandika yeye, anayasoma mtu wa duka, na fomu inabaki dukani. Heshima ya kila mmoja inabaki palepale ilipokuwa.

Jibu la mfumo mara nyingi huja ndani ya dakika chache: endelea, subiri, au imekataliwa. Likija "subiri" na siku tatu za kazi zikapita bila jibu jingine, sheria ya shirikisho inamruhusu mwenye duka kukabidhi silaha, ingawa maduka mengine huchagua kungoja zaidi. Kwa mnunuzi aliye chini ya miaka 21 kungoja kunaweza kufika siku kumi za kazi. Hapa pana kosa ambalo wauzaji wengi hulifanya: wanaacha silaha kaunta, wanaondoka kwenda kazini. Ukiondoka na kumwachia mwenye duka, silaha inaingizwa kwenye daftari lake, na mnunuzi akikataliwa, wewe mwenyewe utajaza fomu na kuchunguzwa kabla hujarudishiwa mali yako. Ukibaki pale mpaka jibu litoke, unaichukua na kurudi nayo nyumbani. Kwa hiyo usipange siku yenye haraka.

Kinachokwamisha watu mara kwa mara ni kidogo sana: anwani. Kitambulisho cha mnunuzi kinatakiwa kionyeshe anapoishi sasa. Aliyehama bila kubadilisha leseni ya udereva, au aliyeandika sanduku la posta, hurudishwa mlangoni isipokuwa awe na hati nyingine ya serikali yenye anwani sahihi. Asiye raia anatakiwa pia kuandika namba yake ya uhamiaji kwenye fomu. Shemeji akiyajua haya mapema hataaibika mbele yako. Ada ya duka kwa kazi hii kwa kawaida ni kati ya dola 20 na 50, na maduka mengine hutoza kwa kila silaha, kwa hiyo ulizeni kabla.

Umeuliza nani huchagua mahali. Miongoni mwa watu wanaouziana silaha kwa ustaarabu, muuzaji hutaja mahali kwanza, kwa kuwa yeye ndiye anayesafiri na silaha, na mnunuzi hukubali au hutaja pengine. Kila upande una haki ya kusema "hapo hapanifai" bila kutoa sababu, na mstaarabu haulizi mara ya pili. Mkikosana juu ya mahali, biashara inakufa na salamu zinabaki. Kilicho kibaya ni kubadilisha mahali dakika ya mwisho. Mtu akikupigia ukiwa njiani, "usije dukani, nimekaa kituo cha mafuta pale mbele," una haki ya kugeuza gari na kwenda zako, awe mgeni au awe jamaa. Kuja na watu wengi bila kutaja nayo si adabu. Msindikizaji mmoja anatosha, na jina lake litajwe mapema.

Nyumbani una sababu nzuri ya kupakwepa, na sababu hiyo haihusu tabia ya shemeji. Anayekuja kununua huona kabati liko wapi, huona mlango upi una kufuli la aina gani, na hata akiwa mwaminifu kabisa atamsimulia mtu. Binti yako naye amesema. Kumsikiliza mtoto aliyefiwa na baba ni sababu tosha.

Maegesho ya supamaketi hupendwa kwa kuwa ni mahali pa wazi penye kamera. Tuseme hata mngekuwa wakazi wa jimbo moja, pana udhaifu wake. Mpita njia akiona mtu anatoa bunduki ndefu kwenye buti moja na kuiweka kwenye nyingine, atapiga 911, namba ya dharura, na polisi wanaofika hawajui habari ya marehemu wala ya undugu wenu. Mnunuzi naye hawezi kuikagua silaha vizuri pale, maana kuikagua ni kuifungua. Na mwenye supamaketi anaweza kuwa ameweka tangazo la kukataza silaha kwenye eneo lake.

Watu wengi husema, "Basi twende kituo cha polisi." Vituo vingi vimetenga sehemu ya maegesho kwa watu wanaouziana vitu, lakini kadhaa haviruhusu silaha kwenye sehemu hizo. Piga namba isiyo ya dharura uulize kwanza. Usifike na bunduki halafu ndipo uulize. Posta iepuke kabisa: kanuni zake kwa miaka mingi zimekataza silaha hadi kwenye maegesho, na kesi za kuzipinga zimefika mahakamani, jambo ambalo wewe huna haja ya kuingia katikati yake.

Kanisani, nako, nia ya kijana wa kwaya ni nzuri. Yeye ni mkazi wa Ohio kama wewe, kwa hiyo sheria ya mpaka haiwahusu ninyi wawili. Lakini ile shule ya msingi ng'ambo ya barabara inabadilisha mambo. Sheria ya shirikisho inaweka eneo la futi 1,000, karibu mita 300, kuzunguka uwanja wa shule. Ndani ya eneo hilo silaha isiyo na risasi iliyofungiwa kwenye sanduku lenye kufuli ndani ya gari inaruhusiwa, na eneo la mtu binafsi lisilo sehemu ya shule limeachiwa, lakini ukiwa kwenye barabara au njia ya watu na silaha imetolewa mnaweza kuwa mmeshavunja sheria, hata ikiwa Jumapili shule imefungwa. Zaidi ya hayo, kanisa ni la waumini wote. Mchungaji na wazee wana haki ya kujua kinachofanyika uwanjani kwao kabla hakijafanyika. Na ujue umri wa kijana huyo: Ohio hairuhusu kumuuzia bunduki yoyote aliye chini ya miaka 18, wala bastola aliye chini ya 21.

Uwanja wa kulenga shabaha ni mahali ambapo watu wengi wa fani hii wanapapenda, kwa sababu silaha pale si kioja na mnunuzi anaweza hata kujaribu risasi chache. Ila viwanja vingine vina duka lao la silaha na havipendi watu wauziane kwenye maegesho yao. Kuomba ruhusa ni lazima, na kulipia kitu fulani pale, angalau nafasi ya kulenga, ni heshima. Vivyo hivyo kwa duka: usifanye biashara kwenye uwanja wa mwenye duka kana kwamba ni barabara ya wote. Ingieni, mseme mnataka awapitishie mauzo, mlipe ada.

Kabla ya mahali popote kuna hatua ambayo inanipa wasiwasi kuliko zote, nayo ni kuzitoa silaha kabatini. Umesema huzijui. Usijifunze siku hiyo. Bastola hutolewa magazini kwanza, yaani kile kisanduku cha risasi, kisha ndipo sehemu ya juu inavutwa nyuma na chemba, yaani tundu inamokaa risasi iliyo tayari kufyatuliwa, inaangaliwa kwa macho. Aliyevuta kwanza na kutoa magazini baadaye ameiingiza risasi nyingine ndani bila kujua. Na kutoa magazini peke yake hakuondoi risasi iliyokwisha kaa kwenye chemba. Shotigani ya kupampu kwa kawaida haina magazini ya kuchomoa. Risasi zake hukaa kwenye bomba lililo chini ya mtutu, na zinaweza kubaki kadhaa huko hata chemba ikiwa tupu. Kama kaka yako wa Columbus au mtu mwingine mzima anayezijua anaweza kuja kuzifungua, mdomo wa silaha ukielekea mahali salama na kidole kikiwa mbali na kifyatulio, afanye hivyo bila watoto kuwapo ndani. Kama hakuna mtu, mpigie mwenye duka useme wazi: "Sijui kama zina risasi." Atakuelekeza, na maduka mengi hutaka hata iliyo tupu ibaki garini ndani ya sanduku mpaka umeingia mikono mitupu na kuwaambia umekuja nayo. Safarini silaha ziwe tupu, ndani ya masanduku yenye kufuli, kwenye buti, na risasi ziwe kwenye chombo chake mbali nazo.

Nirudi kwa shemeji. Aliumia, nami namwelewa. Aliyebeba jeneza la rafiki yake hategemei kuambiwa habari za uchunguzi. Lakini unaweza kumrudishia uchaguzi aliodhani umemnyang'anya. Ujumbe wa namna hii, kwa mfano, unamwachia heshima yake na hauongopi:

"Shemeji, salaam. Vitu vya marehemu bado natamani viwe kwako. Nimejua kwamba kwa kuwa mimi niko Ohio na wewe uko Kentucky, bastola ni lazima ipite kwa duka lenye leseni la huko kwenu, hata kama ningekuwa namuuzia mdogo wangu. Tafadhali chagua wewe duka unalolipenda na siku ya mchana. Mimi nitazileta zote mbili zikiwa zimefungwa, kaka atanisindikiza. Ada tugawane."

Ukiutuma, liulize duka mwenyewe kwa namba uliyoitafuta wewe. ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha, ina ukurasa wa kuhakiki namba ya leseni ya muuzaji yeyote. Kumpelekea silaha mwenye leseni wa jimbo jingine kunaruhusiwa, kwa hiyo kuvuka daraja nazo zikiwa zimefungwa hivyo si tatizo. Kama hutaki kuvuka, duka la Ohio linaweza kuzituma kwa duka la Kentucky, na hapo mtalipa ada pande zote mbili. Hatari ya njia hii unaijua: anaweza kukataa, au akakubali kisha mfumo ukamkataa mbele yako. Kwa hili la pili, ukitaka kumsitiri, mwombe mwenye duka akae naye pembeni na wewe ungoje upande mwingine wa duka, bila kutoka nje.

Kukataa kwake nako usikusome kwa haraka. Inaweza kuwa ni kiburi kilichojeruhiwa, inaweza kuwa anajua kwamba makaratasi yake hayaruhusu na anaona haya kusema. Kama ni hilo la pili, ukimshika kwa upole atakushukuru siku moja, maana silaha mkononi mwa asiyeruhusiwa inaweza kumgharimu makazi yake yote nchini. Ila akikwambia kwamba mtu mwingine ndiye atakayejaza fomu kwa niaba yake, hapo hakuna mjadala wa adabu tena. Huko ni kumnunulia mtu kwa jina la mwingine, na tangu sheria ya mwaka 2022 adhabu yake inaweza kufika miaka 15 jela.

Zipo na njia zisizohitaji kukutana na mnunuzi kabisa. Unaweza kuliuzia duka lenyewe. Utapata pesa pungufu ya zile dola 600, kwa kuwa duka nalo linataka faida, lakini unatoka siku hiyo hiyo na risiti. Unaweza kuliachia duka likuuzie kwa kamisheni, upate zaidi ila ungoje. Faida ya njia hizi ni kwamba hujamchagua kijana wa kwaya ukamwacha shemeji. Hasara yake ni kwamba shemeji huenda alizitaka kwa ajili ya kumkumbuka mwenzake, na zikienda kwa mgeni hilo halitarudi. Umewahi kumuuliza kwa nini anazitaka? Barua yako haikusema. Kama anachotafuta ni kumbukumbu, pengine kuna koti la kuwindia au darubini kabatini humo ambavyo havihitaji fomu yoyote. Na unaweza pia kuziacha zilale kabatini mpaka moyo utulie, mradi ufunguo uko kwako peke yako na watoto hawajui ulipo.

Kabla ya njia yoyote, hakikisha kwamba wewe ndiye mwenye haki ya kuuza. Kama mirathi ilipita mahakama ya mirathi ya kaunti, msimamizi aliyeteuliwa ndiye anayetia saini. Kama haijapita, uliza huko kwanza. Ndugu wa marehemu walioko nyumbani wanaweza kuwa na maneno yao, na ni afadhali yasikike sasa kuliko baada ya silaha kwenda.

Mkikubaliana na mtu, andikeni hati fupi ya mauzo nakala mbili: tarehe, majina yenu, aina ya silaha, kipimo chake, namba iliyochongwa kwenye chuma, na bei. Muuzaji mwenye leseni ana kumbukumbu zake, lakini hiyo ni yako. Pesa zihesabiwe kaunta, taslimu. Programu nyingi za kutumiana pesa zinakataza malipo ya silaha na zinaweza kuufunga mkoba wako. Namba hiyo ya kwenye chuma usiiweke kwenye picha unayoituma kwenye kundi la simu. Risasi zilizobaki, kama hukuzitaja kwenye bei, mwambie mnunuzi mapema, na zisiwekwe kwenye sanduku moja na silaha. Ukishazungumza na shemeji, niandikie tena amesema nini. Hata kama ni neno moja tu, nitakuwa na la kukujibu.